Kiwewe na Athari Zake Kisaikolojia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kiwewe ni nini, na kinatofautianaje na msongo wa kawaida wa maisha?

Kiwewe ni jeraha linalobaki katika nafsi baada ya mtu kukabiliwa na jambo lililotishia uhai, mwili au utu wake, huku akiwa hana uwezo wa kulizuia wala kulikimbia. Ajali mbaya, vita, ubakaji, kipigo cha nyumbani, utekaji, moto, mafuriko na tetemeko la ardhi ni mifano inayotajwa zaidi. Anayeumia anaweza kuwa yule aliyedhurika mwenyewe, aliyeshuhudia mwenzake akidhurika, au aliyepokea habari kwamba mtu wake wa karibu amekufa kwa ajali au kwa ukatili. Msongo wa madeni, mitihani au kazi nyingi huchosha, na ukizidi unaweza kuuguza, lakini kwa kawaida hupungua pale sababu yake inapoondoka. Kiwewe huendelea kumtesa mtu hata baada ya hatari kupita zamani.

Uzito wa kiwewe haupimwi kwa ukubwa wa tukio machoni pa watazamaji. Watu wawili waliokuwa katika gari moja lililopinduka wanaweza kutoka bila mchubuko, mmoja akarudi barabarani wiki inayofuata na mwingine akashindwa kupanda gari kwa mwaka mzima, wala huyo wa pili si mwoga kuliko wa kwanza.

Je, kila aliyepitia tukio la kutisha huugua?

Hapana, na takwimu zinatia moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu hupitia angalau tukio moja la aina hiyo maishani, ilhali waliowahi kupata ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi hili, yaani ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ni karibu asilimia 3.9 ya watu wote duniani. Wengi hutetemeka, hukosa usingizi, hulia au huzubaa kwa siku au wiki kadhaa, kisha hali hiyo hutulia bila tiba yoyote.

Anayebaki na ugonjwa mara nyingi amebebeshwa mambo kadhaa kwa pamoja. Ukatili unaotendwa na binadamu kwa makusudi, hasa ule wa kingono, huumiza zaidi kuliko majanga ya asili. Tukio linalojirudia huumiza kuliko lililotokea mara moja. Aliyewahi kuumizwa utotoni, au aliyekuwa tayari anaugua sonona, ana hatari kubwa zaidi. Hata hivyo, jambo lenye nguvu sana, na ambalo watu wa karibu wanaweza kulibadilisha, ni kile kinachotokea baada ya tukio: kama mtu alipokelewa, akaaminiwa na kupewa mahali salama, au kama alinyamazishwa na kulaumiwa.

Nini hutokea mwilini na katika ubongo wakati wa hatari?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua hatari kwa haraka kuliko fikra inavyoweza kuipima. Inapoitambua, mwili humiminiwa adrenalini na baadaye kortisoli: moyo hwenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na damu huelekezwa kwenye viungo vinavyohitajika kupigana au kukimbia. Wakati huohuo, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima mambo na kufanya maamuzi, hupungukiwa nguvu. Mtu hutenda kabla ya kufikiri.

Kuna itikio la tatu ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kuganda. Pale mwili unapoona kwamba kupigana hakuwezekani na kukimbia hakuwezekani, unaweza kukakamaa au kulegea kabisa, sauti ikakauka, na mtu akajihisi kana kwamba anajitazama kutoka mbali. Hilo hutokea bila hiari. Inafaa kulisisitiza kwa sababu waathirika wengi wa ubakaji huulizwa na polisi, mawakili na hata ndugu zao, "Mbona hukupiga kelele?", swali linaloumiza mara ya pili na ambalo limejengwa juu ya kutoelewa jinsi mwili unavyojilinda. Aliyeganda hakukubali kutendewa alichotendewa.

Kwa nini kumbukumbu za tukio hurudi zenyewe, na kwa nini nyingine hupotea?

Katika hali ya kawaida, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi husaidia kulipa tukio mahali pake: lilitokea lini, wapi, na lilimalizikaje. Chini ya hofu kali kazi hiyo huvurugika. Tukio huhifadhiwa vipande vipande, kama kurasa zilizochanwa kitabuni bila namba: harufu ya petroli, mlio wa breki, rangi ya shati, maumivu ya bega. Kwa kuwa vipande hivyo havikufungwa kwenye tarehe, kinapoguswa kimoja, ubongo hukipokea kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Ndiyo maana mtu anaweza kutokwa jasho katikati ya mkutano wa amani kwa sababu tu kiti kimeanguka nyuma yake.

Hali hiyohiyo hueleza mapengo. Mwathirika anaweza kukumbuka kwa usahihi mkubwa saa iliyokuwa ukutani na asikumbuke aliondokaje pale. Masimulizi yenye mapengo, au yanayobadilika mpangilio kadiri muda unavyokwenda, si ushahidi wa uongo.

Dalili za ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe ni zipi?

Wataalamu huzigawa katika makundi. La kwanza ni kulipitia tukio upya kwa njia ya kumbukumbu zinazovamia, ndoto mbaya au hisia kwamba linajirudia. La pili ni kukwepa watu, mahali, mazungumzo na mawazo yanayolikumbusha. La tatu ni mabadiliko ya fikra na hisia: kujilaumu, kuona kwamba hakuna mtu wa kuaminika duniani, kupoteza hamu ya yale yaliyopendwa, na ganzi ya moyo inayomfanya mzazi ashindwe kuhisi upendo kwa mtoto anayejua kwamba anampenda. La nne ni mwili kubaki katika tahadhari ya kudumu, kwa usingizi mwepesi, hasira za ghafla, kushtuka kwa sauti ndogo na kukaa daima karibu na mlango.

Kwenye makundi hayo huongezeka malalamiko ya mwili ambayo mara nyingi ndiyo yanayompeleka mtu hospitali: maumivu ya kichwa, ya mgongo, ya tumbo, mapigo ya moyo kwenda mbio. Vipimo huja safi, mgonjwa huambiwa hana kitu, na mwaka mwingine hupita kabla ya mtu yeyote kumuuliza ni nini kilimtokea.

Je, hali hii si jambo la kisasa, la watu waliozoea raha?

Kinyume chake, ni ya kale. Kilicho kipya ni kuitambua. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, uoni, uwezo wa kunusa na wa kuonja baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Wakati huo wengine wenye hali kama hiyo walihesabiwa kuwa waoga. Uingereza iliwapiga risasi zaidi ya askari 300 wake na wa makoloni yake kwa makosa kama utoro na woga, na ilikuwa mwaka 2006 tu ndipo sheria ilipowasamehe 306 kati yao, baada ya familia zao kudai kwa miaka mingi kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Utambuzi rasmi wa ugonjwa huu uliingia katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, kwa msukumo mkubwa wa wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam na wa watetezi wa wanawake waliobakwa.

Inachukua muda gani kabla ya kuitwa ugonjwa?

Kwa mwongozo wa Marekani, dalili zinazodumu kati ya siku 3 na mwezi mmoja huitwa mfadhaiko mkali wa awali, na zikizidi mwezi mmoja huku zikivuruga kazi, masomo au mahusiano ndipo ugonjwa wenyewe hutambuliwa. Wapo pia ambao picha kamili ya ugonjwa hujitokeza baada ya miezi 6 au zaidi, hasa pale mtu alipokuwa ameshughulika na mazishi, kesi au kuhama na hakuwa na nafasi ya kuhisi chochote.

Kiwewe cha muda mrefu au cha utotoni kina athari tofauti?

Ndiyo. Aliyeteswa na mzazi kwa miaka, aliyefungwa na kunyanyaswa, au aliyeishi na mwenzi katili huwa na dalili zilizotajwa hapo juu, na juu yake huongezeka mambo matatu: ugumu wa kutawala hisia, imani ya ndani kwamba yeye ni mtu duni asiyefaa, na mahusiano yanayoyumba kati ya kung'ang'ania na kukimbia. Daktari Judith Herman alipendekeza mwaka 1992 kwamba hali hii ipewe jina lake, na toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, sasa linaitambua kama ugonjwa unaojitegemea.

Madhara hayaishii katika hisia. Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa mwaka 1998, na uliohusisha maelfu ya watu wazima nchini Marekani, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi, jaribio la kujiua, na hata ugonjwa wa moyo ulivyopanda. Hiyo ni hatari inayoongezeka, wala haimaanishi kwamba kila mtoto aliyeteswa ameandikiwa kuugua.

Kwa nini ninajilaumu kwa jambo ambalo sikulitenda?

Kwa sababu lawama, kwa uchungu wake wote, hutoa kitu ambacho tukio liliondoa: hisia ya kuwa na uwezo. Ikiwa kosa lilikuwa langu, basi mara nyingine nitafanya tofauti na sitaumia. Ikiwa halikuwa langu, basi inabidi nikubali kwamba dunia inaweza kunidhuru bila sababu. Kwa watu wengi wazo la pili ni gumu zaidi kulibeba. Watoto hujilaumu kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kumwona mzazi kuwa mbaya ni jambo la kutisha kuliko kujiona wao ndio wabaya. Walionusurika mahali wengine walipokufa nao hubeba hatia ya kuwa hai. Hatia hizi hazifutwi kwa kuambiwa "si kosa lako" mara moja; katika tiba, mtu huongozwa kurudia kile alichokijua na alichokiweza katika dakika ile, badala ya kujihukumu kwa maarifa aliyoyapata baadaye.

Je, kuna ubaya gani kukwepa yanayonikumbusha?

Mwanzoni hakuna ubaya wowote. Mtu aliyenusurika ana haki ya kujiepusha na kelele, maswali na mahali palipomuumiza mpaka apate nguvu. Tatizo huanza pale kukwepa kunapogeuka kuwa utaratibu wa maisha. Kila anapokwepa, hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba ile barabara ilikuwa hatari kweli, na kwamba amepona kwa sababu hakupita. Kesho yake huongezeka barabara ya pili, kisha soko, kisha wageni, kisha kutoka nje. Hofu hainyimwi chakula kwa njia hiyo, inalishwa.

Kati ya yote yaliyomo katika ukurasa huu, hili ndilo linalofaa kuwekwa mbele, kwa kuwa kukwepa huvaa sura nyingi zinazosifiwa. Kuna anayefanya kazi saa zote asipate nafasi ya kufikiri, kuna anayejitolea kwa shida za kila mtu isipokuwa zake, na kuna anayesema "nimeshasahau" kwa sauti isiyoruhusu swali la pili. Watu huwaita majasiri. Baadhi yao ni wagonjwa wasiotambuliwa.

Pombe na dawa za usingizi zinasaidia?

Pombe hulaza, lakini huvuruga usingizi wa baadaye usiku, na huongeza huzuni na hasira. Dawa za kutuliza za kundi la diazepamu zinaonekana kuwa msaada wa wazi, ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri zisitolewe ili kupunguza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Zina hatari ya uraibu, na aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla bila daktari.

Je, ni lazima nisimulie kila kitu mara tu baada ya tukio?

Sivyo, wala asiwepo wa kukulazimisha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba manusura wakikusanywa ndani ya siku chache na kusimulia kwa kina, ugonjwa ungezuiwa. Tathmini za tafiti zilionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa na kwa baadhi ya watu kinaweza kuongeza madhara. Kinachopendekezwa sasa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kutazama nani ana hitaji la haraka, kusikiliza bila kudadisi, na kumuunganisha mtu na ndugu, maji, malazi, matibabu na taarifa za kweli. Anayetaka kuzungumza asikilizwe, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze akiwa na mtu kando yake.

Tiba zipi zimethibitika kufanya kazi?

Zenye ushahidi mkubwa ni tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe chenyewe. Katika tiba ya kukabili hofu kwa hatua, iliyoendelezwa na Edna Foa, mtu husimulia tukio mara kwa mara akiwa mahali salama na huzirudia taratibu shughuli alizozikwepa, kuanzia zile nyepesi. Katika tiba ya kuchakata fikra, ya Patricia Resick, ambayo kwa kawaida huwa na vikao 12, mkazo huwa juu ya imani zilizokwama, kama vile "ningejua" au "siwezi tena kumwamini mtu". Ya tatu ilianzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, na humtaka mtu ashike kumbukumbu akilini huku macho yakifuata mwendo wa kwenda na kurudi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu mchango wa mwendo wa macho wenyewe, lakini tiba kwa ujumla wake inasaidia.

Wanaoanza tiba huwa na matarajio kwamba kumbukumbu itafutwa. Haifutwi. Hupoteza makali yake, ikawa jambo la jana linaloweza kukumbukwa kwa huzuni bila mwili mzima kuingia vitani. Wiki za mwanzo zinaweza kuwa ngumu kuliko kabla ya kuanza, na ni heri mtu aambiwe hivyo mapema, maana wengi huacha hapo.

Dawa zina nafasi gani?

Zina nafasi, hasa pale ambapo sonona ni kali au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo hapatikani. Zinazotumika zaidi ni za kundi linaloongeza serotonini, kama sertralini na paroksetini. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na huandikwa na kufuatiliwa na daktari.

Mimi mwenyewe ninaweza kufanya nini nyumbani?

Kumbukumbu inapovamia, urudishe mwili katika saa iliyopo. Kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, shika kitu cha baridi, jiambie tarehe ya leo na mahali ulipo. Vuta pumzi polepole, na hakikisha kuitoa kunachukua muda mrefu kuliko kuivuta, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka husaidia kutuliza mapigo ya moyo.

Kwa siku zote, linda ratiba ya kula, kulala na kuamka hata kama usingizi haujaja, tembea au fanya mazoezi, na punguza kutazama picha na habari za matukio yanayofanana na lako. Kwa ndoto inayojirudia kuna zoezi zuri: mchana, andika ndoto hiyo ukiibadilisha mwisho wake upendavyo, kisha ipitie akilini kwa dakika chache kila siku ukiwa umetulia. Chagua mtu mmoja unayemwamini na mwambie angalau kwamba hauko sawa. Maelezo yanaweza kusubiri. Sala na ibada zimewashika wengi wasianguke, na hakuna sababu ya kuzipambanisha na tiba, ila kiongozi wa dini anayemwambia mwathirika kwamba dalili zake ni upungufu wa imani anamwongezea mzigo.

Nitajuaje kwamba mtoto ameathirika?

Tazama zaidi anavyotenda kuliko anavyosema. Mtoto mdogo anaweza kurudia mambo aliyokwisha kuyaacha, kama kukojoa kitandani au kung'ang'ania mzazi, na anaweza kulicheza tukio tena na tena katika michezo yake. Aliye shuleni huweza kushuka masomo au kulalamika tumbo kila asubuhi, na kijana huweza kugeukia hatari, ulevi au kujitenga. Mweleze ukweli kwa maneno mafupi yanayolingana na umri wake, kwa sababu mtoto aliyefichwa huziba pengo kwa kitu kibaya kuliko ukweli. Mrudishe kwenye utaratibu wa kila siku mapema, na kumbuka kwamba utulivu wake unategemea sana utulivu wa mtu mzima anayemlea, jambo ambalo ni sababu ya kutosha kwa mzazi naye kutafuta msaada.

Niseme nini kwa ndugu au mwenzi aliyeumia?

Sema kidogo. "Nakuamini", "pole sana", "nipo" na "unahitaji nini leo?" yanatosha. Acha "kuna waliopata makubwa zaidi", "jikaze" na "mshukuru Mungu uko hai", hata kama nia ni njema. Usimguse kwa kumshtukiza, usimwamshe kwa kumtikisa, na usichukulie ukimya au ukali wake kuwa kipimo cha mapenzi yake kwako. Kuwa mvumilivu hakumaanishi kuvumilia kupigwa: kiwewe hueleza hasira, hakihalalishi ukatili.

Wanaowasaidia waathirika wanaweza kuathirika pia?

Wanaathirika. Wauguzi, waokoaji, wanahabari, wakalimani wa mahakamani na washauri nasaha wanaosikia visa hivi kila siku wanaweza kupata dalili zilezile bila kuwapo kwenye tukio lolote. Mapumziko, zamu zenye mpaka na msimamizi wa kuzungumza naye ni wajibu wa mwajiri, na kuwaambia wajitunze huku zamu zikiongezwa ni mzaha.

Ni wakati gani nisisubiri tena?

Nenda kituo cha afya au piga simu ya dharura siku hiyohiyo iwapo kuna mawazo ya kujiua au kumdhuru mwingine, iwapo mtu anasikia au kuona visivyokuwapo, ameacha kula na kunywa, au bado anaishi na anayemdhuru. Katika hali hiyo ya mwisho, usalama hutangulia tiba yoyote. Aliyebakwa anahitaji kuonwa ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazina budi kuanza ndani ya muda huo, na mapema zaidi ndiyo bora. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, na vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe karibu naye. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, na kwa wengi swali hilo ndilo linalowafungulia mlango wa kusema.